Sufuria la Saa Kumi: Mahipi wa San Francisco na Wale Waliowapikia

Kuanzia Oktoba 1966, ilipotimu saa kumi jioni, foleni ilijipanga kwenye Panhandle, kipande chembamba cha bustani kinachopakana na mtaa wa Haight-Ashbury jijini San Francisco, Marekani. Kila mtu alikuja na bakuli lake na kijiko. Mbele ya foleni ilisimamishwa fremu kubwa ya mbao iliyopakwa rangi ya manjano. Anayetaka kula alipita katikati yake kwanza, kisha upande wa pili akapakuliwa mchuzi mzito wa mboga na nyama kutoka kwenye madebe ya maziwa. Hakuna aliyeulizwa jina, rangi wala sababu ya kukosa kazi. Hakuna aliyelipa hata senti.

Waliogawa chakula hicho walijiita Diggers. Jina hilo walilichukua kwa wakulima maskini wa Uingereza ambao mwaka 1649, wakiongozwa na Gerrard Winstanley, walipanda kilima cha St George's huko Surrey wakaanza kulima ardhi isiyokuwa yao na kutangaza kwamba ardhi ni ya watu wote. Wengi wa Diggers wa San Francisco walitokea kwenye kikundi cha maigizo ya mitaani, San Francisco Mime Troupe, na majina yanayotajwa sana ni ya wanaume: Emmett Grogan, Peter Berg, Peter Coyote ambaye baadaye alikuwa mwigizaji wa filamu. Lakini ukifuatilia simulizi za waliokuwapo unakuta kwamba walioamka alfajiri kwenda soko la jumla kuomba nyanya zilizolainika na kabichi zilizokataliwa na wachuuzi, waliomenya, waliokatakata na kusimama kwenye majiko hadi mchana, kwa sehemu kubwa walikuwa wanawake. Majina yao ni lazima uyatafute kwa bidii.

Nimeanza na sufuria hilo kwa makusudi. Kwa zaidi ya miaka 50 sasa, mahipi wanakumbukwa kwa nywele ndefu, shanga, magita, moshi wa bangi na maua yaliyochomekwa masikioni. Wapo wanaowalilia kama malaika waliopotea, na wapo wanaowalaani kwa kuharibu maadili ya dunia nzima. Pande zote mbili zinawatazama waliokuwa jukwaani. Ninavyoona mimi, mabadiliko ambayo vuguvugu lile liliyaacha duniani yalifanywa na watu waliokuwa jikoni, kwenye zahanati na kwenye vyumba vya kujifungulia. Pale ambapo hapakuwa na mtu wa kupika na kuuguza, liliacha makaburi.

Lakini kwa nini San Francisco, na kwa nini miaka ile? Vijana walioingia Haight-Ashbury walikuwa watoto wa kizazi kilichotoka kwenye Vita Kuu ya Pili na kuangukia neema ambayo Marekani haikuwahi kuiona. Baba ana kazi ya kudumu, nyumba ina friji na televisheni, gari liko mlangoni. Kwenye televisheni hiyohiyo waliwaona Wamarekani weusi wakipigwa virungu na kung'atwa na mbwa wa polisi kwa kudai haki zao, kisha wakaona vijiji vya Vietnam vikiungua. Hadi mwisho wa 1967 askari wa Marekani waliokuwa Vietnam walikaribia 500,000, na kijana wa kiume aliyefikisha miaka 18 alilazimika kujiandikisha, akisubiri barua ya kuitwa jeshini. Wengi wao waliona kwamba maisha waliyoandaliwa na wazazi wao yalikuwa na harufu ya damu.

Mtaa wenyewe ulikuwa na sababu zake. Haight-Ashbury ilikuwa na majumba makubwa ya mbao ya karne ya 19 yaliyochakaa, na kodi ilikuwa nafuu kwa sababu kwa miaka mingi palikuwa na mpango wa kupitisha barabara kuu katikati ya bustani. Wakazi waliupinga, na mwaka 1966 baraza la jiji likaukataa. Jirani kabisa, katika mtaa wa Fillmore, familia za watu weusi zilikuwa zikibomolewa nyumba kwa jina la kuboresha jiji. Jambo hili halisemwi vya kutosha. Kijana mzungu aliyeamua kuwa maskini aliweza kupiga simu nyumbani akatumiwa nauli, lakini jirani yake mweusi umaskini hakuuchagua, na wala hakuwa na mtu wa kumpigia simu.

Kulikuwa pia na LSD. Mkemia wa Uswisi Albert Hofmann aliitengeneza mwaka 1938 katika maabara ya kampuni ya Sandoz, na akagundua nguvu yake ya kupotosha akili mwaka 1943. Mwandishi Ken Kesey, aliyekuja kuwa mhubiri wake mkubwa huko California, aliionja kwa mara ya kwanza akiwa mtu wa kujitolea katika majaribio ya hospitali ya wanajeshi wastaafu huko Menlo Park, na baadaye ikajulikana kwamba fedha za majaribio yale zilitoka kwa majasusi wa CIA. Kwa hiyo dawa ambayo vijana waliichukua kama ufunguo wa kujikomboa na serikali, ilipitia mikononi mwa serikali yenyewe. California iliipiga marufuku tarehe 6 Oktoba 1966. Watu wakaendelea kuimeza.

Januari 14, 1967, umati wa watu zaidi ya 20,000 ulikusanyika kwenye uwanja wa polo katika bustani ya Golden Gate. Washairi Allen Ginsberg na Gary Snyder walikuwapo, bendi zilipiga, na Timothy Leary, mwalimu wa zamani wa Chuo Kikuu cha Harvard, akawahimiza vijana kuachana na mfumo wa wazee wao. Diggers waligawa sandwichi za bata mzinga. Siku ikaisha bila ugomvi, na waandishi wa habari wakaondoka na picha ambazo zilisambaa nchi nzima. Juni ikaja tamasha la Monterey, ambako Jimi Hendrix alichoma gita lake na Ravi Shankar akapiga sitar mchana kutwa. Afrika nayo ilikuwa na mtu wake pale: Hugh Masekela, mpiga tarumbeta wa Afrika Kusini aliyekuwa uhamishoni, alipanda jukwaani siku ya pili.

Shule zilipofungwa, vijana wakamiminika. Makadirio ya kawaida ni kwamba hadi watu 100,000 walipita Haight-Ashbury majira yale ya joto, wengi wao wakiwa na miaka 16 au 17, wengine wametoroka nyumbani, hawana pa kulala. Mtaa haukuweza kuwabeba. Wahenga wetu walitoa muda wa mgeni kukaa kabla ya kukabidhiwa jembe, na Haight-Ashbury ilikosa mtu wa kugawa majembe. Kila mmoja alikuja kupokea. Waliolala kwenye vibaraza walitarajia kwamba chakula kitakuja saa kumi kwa sababu kilikuja jana, na wachache mno walijiuliza nani amekwenda sokoni.

Hapo ndipo ninapomheshimu sana Dk. David Smith. Alikuwa na miaka 28, daktari aliyesomea madhara ya dawa mwilini. Aliona hospitali za jiji zikiwafukuza vijana wenye nywele ndefu au kuwaita polisi, na jiji lenyewe lilikuwa limekwisha onyesha msimamo wake: mkuu wa polisi aliwaonya vijana wasije, na idara ya afya ikatuma wakaguzi kupekua nyumba za mahipi. Tarehe 7 Juni 1967 Smith na wenzake walifungua zahanati ya bure ghorofani, katika nyumba ya Mtaa wa Clayton iliyowahi kuwa ofisi ya daktari wa meno. Foleni ilishuka ngazi hadi barabarani. Wagonjwa walikuja na kisonono, homa ya ini, nimonia, na nyayo zilizokatwa na chupa kwa kutembea pekupeku. Walikuja pia vijana walioshikwa na hofu kali baada ya kumeza LSD, na hao waliwekwa kwenye chumba tulivu, mtu akakaa nao akizungumza nao kwa upole hadi akili irudi. Madaktari na wauguzi walifanya kazi kwa kujitolea baada ya zamu zao kwingine. Kauli ya zahanati ilikuwa kwamba matibabu ni haki ya kila mtu, si upendeleo.

Jambo lililoifanya zahanati ile kuwa kubwa kuliko mtaa wake ni namna ilivyomtazama mraibu. Hadi wakati ule, mtumiaji wa dawa za kulevya alikuwa mhalifu, na daktari aliyemtibu alijiweka hatarini. Smith na wenzake walishikilia kwamba uraibu ni ugonjwa, unatibika, na anayeugua asihukumiwe kwanza ndipo atibiwe. Walipolisema hilo walionekana wapotovu, ila miaka ilivyokwenda limekuwa msingi wa fani nzima ya tiba ya uraibu, na Smith mwenyewe akaja kuwa rais wa chama cha madaktari wa fani hiyo nchini Marekani. Zahanati za bure zikafunguliwa katika miji mingine mingi kwa kufuata mfano wa Mtaa wa Clayton. Ukitembelea leo kituo chochote, popote duniani, ambapo mraibu wa heroini anapokewa kama mgonjwa na kupewa dawa badala ya pingu, unaiona sehemu ya urithi wa majira yale ya joto.

Waliolipia zahanati hiyo walikuwa ni wanamuziki pia, na haki yao tuwape. Mratibu wa maonyesho Bill Graham aliandaa matamasha ya kuichangia. George Harrison wa The Beatles alitembelea Haight-Ashbury Agosti 1967 akitarajia kuona jamii mpya ya watu walioelimika rohoni, akakuta watoto waliolewa wakimfuata barabarani na kumtaka apokee dawa. Aliondoka akiwa amechukizwa, akaachana na LSD. Lakini mwaka 1974 aliporudi San Francisco kwa maonyesho, alitoa mapato ya onyesho moja kwa zahanati ile na akaenda kuitembelea mwenyewe.

Sipendi makala zinazowapamba mahipi bila kusema kilichotokea baada ya hapo. Kufikia vuli ya 1967 methamfetamini na heroini vilikuwa vimeingia mtaani, na pamoja navyo wauzaji wenye bunduki. Wasichana waliotoroka nyumbani walibakwa katika nyumba zilizojiita za upendo. Mwandishi Joan Didion, aliyekaa mtaani humo majira ya kuchipua, aliandika juu ya mtoto wa miaka mitano aliyekuwa akipewa LSD na mama yake. Mtu mzima anaweza kujidanganya kwamba anatafuta nuru. Mtoto wa miaka mitano anahitaji uji, usingizi na mtu wa kumfunga vifungo vya koti, na uhuru unaomnyima hayo ni dhuluma kama dhuluma nyingine. Kwa hili siwasamehe, na sidhani kama kuna falsafa ya kuwatetea.

Tarehe 6 Oktoba 1967, mwaka mmoja kamili baada ya LSD kupigwa marufuku, wakazi wa zamani wa mtaa walibeba jeneza barabarani na kufanya mazishi ya hipi. Walitaka vijana waache kuja, warudi makwao wakafanye mambo hayo walikozaliwa. Wengi waliwatii kwa namna fulani, wakatawanyika kwenda mashambani, milimani na nchi za mbali.

Tamasha la Woodstock lilikuja wakati mtaa uliolizaa umekwisha kufa. Agosti 1969, kwenye shamba la mfugaji Max Yasgur huko Bethel, jimbo la New York, watu zaidi ya 400,000 walikuja kwenye tamasha lililotegemea nusu ya idadi hiyo au pungufu. Uzio haukukamilika, mvua ikanyesha, chakula kikaisha. Jukwaa limesimuliwa vya kutosha, kwa hiyo nitasema habari ya matumbo. Watu wa jumuiya moja ya mahipi, Hog Farm, walipika masufuria ya nafaka na mboga na kugawa shayiri iliyochanganywa na karanga na zabibu kavu kwenye vikombe vya karatasi. Na katika mji wa jirani wa Monticello, akina mama wa kituo cha jamii ya Wayahudi, wanawake ambao hawakuwa na uhusiano wowote na mahipi, walitengeneza maelfu ya sandwichi kwa ajili ya watoto wa watu wengine waliokwama kwenye matope. Mtu anapokwambia Woodstock ilithibitisha kwamba watu 400,000 wanaweza kuishi kwa amani siku tatu, mwambie kwamba walilishwa. Miezi minne baadaye, katika tamasha la Altamont, California, ulinzi ulikabidhiwa genge la waendesha pikipiki la Hells Angels kwa malipo ya bia, na kijana mweusi wa miaka 18, Meredith Hunter, akauawa kwa kisu mbele ya jukwaa.

Watu wa Hog Farm hawakuishia kwenye vikombe vya karatasi. Mwaka 1970 waliondoka Ulaya kwa mabasi kuelekea mashariki, kwenye njia ileile iliyowapitisha maelfu ya vijana wa miaka hiyo: Istanbul, Tehran, Kabul, hadi India na Nepal. Walikusudia kupeleka msaada kwa waathirika wa kimbunga kilichoipiga Pakistan ya Mashariki, ambayo leo ni Bangladesh, lakini vita ikawazuia. Katika msafara huo alikuwamo daktari kijana, Larry Brilliant. Aliishia kwenye makao ya mtawa wa Kihindu Neem Karoli Baba, ambaye alimwambia aende akafanye kazi ya kutokomeza ndui na Shirika la Afya Duniani. Alikwenda ofisi za shirika hilo Delhi akiwa na mavazi ya mtawa, akakataliwa, akarudi tena na tena hadi akapewa kazi. Ndui ilitokomezwa India mwaka 1975. Waliofanya kazi kubwa ni watumishi wa afya wa India zaidi ya 100,000 waliopita nyumba kwa nyumba na picha ya mtoto mwenye vipele mkononi, na Brilliant mwenyewe amelisema hilo mara nyingi. Mgonjwa wa mwisho duniani aliyepata ndui kwa njia ya kawaida alipatikana mwambao wetu huu wa Afrika Mashariki: Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, Somalia, Oktoba 1977. Alipona, na baadaye akazunguka Somalia kuwahimiza wazazi wawachanje watoto dhidi ya polio.

Mwaka 1978 Brilliant, pamoja na kiongozi wa Hog Farm anayejulikana kama Wavy Gravy na wengine, walianzisha shirika la Seva la kupambana na upofu unaoweza kuzuilika. Lilishirikiana na hospitali ya macho ya Aravind iliyoko Madurai, India, na mwaka 1992 likaisaidia kuanzisha kiwanda cha lenzi zinazowekwa ndani ya jicho baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho. Lenzi iliyokuwa ikiuzwa zaidi ya dola 100 ikashuka hadi dola chache. Mamilioni ya wazee maskini wameona tena kwa sababu hiyo. Ukinitaka nitaje jambo moja ambalo mahipi walilifanyia dunia, nitataja hilo kabla ya wimbo wowote.

Kundi jingine lilikwenda mashambani. Oktoba 1970 Stephen Gaskin, mwalimu wa San Francisco aliyekuwa akihutubia mamia ya vijana kila Jumatatu usiku, aliondoka mjini akifuatwa na msafara wa mabasi ya shule yaliyogeuzwa nyumba. Mwaka 1971 walinunua ardhi karibu na Summertown, Tennessee, wakaipa jina la The Farm. Hapa kila mtu alipewa jembe siku ya kwanza. Walikuwa hawali nyama, walilima soya, mali yote iliwekwa pamoja, na idadi yao ikafika watu wapatao 1,500 mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1983 madeni yaliwaelemea, mfumo wa mali ya pamoja ukavunjwa, kila familia ikatakiwa kujitegemea na kulipa mchango. Wengi waliondoka, na waliobaki wako pale hadi leo.

The Farm ingekuwa mojawapo tu ya maelfu ya jumuiya zilizoanza kwa nderemo na kuishia kwa madeni, kama si wakunga wake. Wanawake wajawazito waliokuwa kwenye msafara hawakutaka kujifungulia hospitali, ambako miaka ile mama wa Kimarekani alilazwa usingizi, akafungwa miguu kwenye kitanda, akaonyeshwa mtoto baadaye. Mtoto wa kwanza alizaliwa ndani ya basi, kwenye maegesho ya magari ya chuo kikuu cha Northwestern. Ina May Gaskin, mke wa Stephen, alijifunza ukunga njiani, kwa vitabu na kwa msaada wa madaktari wachache wenye huruma. Kitabu chake, Spiritual Midwifery, kilitoka 1975 na kikasomwa na wanawake ambao hawakuwahi kugusa bangi wala kuvaa shanga. Katika uzazi zaidi ya 2,000 ulioandikwa na wakunga wa The Farm kwa miaka 30, waliohitaji kupasuliwa walikuwa chini ya 2 kwa kila 100. Ni kweli kwamba akina mama hao walikuwa na afya njema, hawakuvuta sigara, na daktari wa eneo hilo alikuwa tayari kuitwa. Hata hivyo takwimu ile iliwalazimisha madaktari wa uzazi kusikiliza.

Kuna jambo ndani ya habari hiyo ambalo linanigusa zaidi. Baada ya tetemeko la ardhi lililoiangamiza Guatemala Februari 1976, watu wa The Farm walikwenda kujenga nyumba. Huko Ina May alijifunza namna wakunga wa jadi wa nchi hiyo walivyomwokoa mtoto ambaye kichwa kimetoka na mabega yamekwama: mama hugeuzwa, akapiga magoti na kuweka mikono chini, na nyonga zikaachia nafasi. Mbinu hiyo imo kwenye vitabu vya ukunga duniani kote sasa, na inaitwa kwa jina la Gaskin. Yeye mwenyewe hakuficha alikoipata. Lakini wanafunzi wanaojifunza mbinu hiyo wanalijua jina lake tu, na wanawake wa Guatemala walioitunza kwa vizazi wamebaki bila jina.

Athari nyingine zinajulikana zaidi, nitazipitia haraka. Chakula kisichotiwa kemikali, mkate wa ngano isiyokobolewa, maharage ya soya na mtindi vilitoka kwenye majiko ya mahipi vikaingia kwenye maduka makubwa, ambako bei yake leo wale waliosimama kwenye foleni ya Panhandle wasingeimudu. Siku ya Dunia ya kwanza, Aprili 22, 1970, iliwatoa Wamarekani wapatao milioni 20, na ingawa aliyeiasisi alikuwa seneta, Gaylord Nelson, vijana walioijaza mitaa walikuwa wa kizazi hiki. Stewart Brand alichapisha Whole Earth Catalog mwaka 1968, orodha nene ya zana na vitabu kwa wale waliotaka kuishi kwa kujitegemea, na Steve Jobs alikitaja kitabu hicho kwa mapenzi makubwa katika hotuba yake ya 2005 kwenye Chuo Kikuu cha Stanford. Imani kwamba kompyuta inaweza kuwa chombo cha mtu binafsi, iondoke mikononi mwa jeshi na mabenki, ilikomaa si mbali sana na Haight-Ashbury. Kilichoipata imani hiyo baada ya matajiri kuishika kinahitaji makala yake.

Huku kwetu, vilivyotangulia kufika ni nguo na muziki. Oktoba 1968, nchini Tanzania, Umoja wa Vijana wa chama tawala cha TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza rasmi Januari 1, 1969, ya kupiga vita sketi fupi, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana. Hata kabla ya tarehe hiyo wasichana walishambuliwa kwenye kituo cha mabasi cha Kariakoo kwa sababu ya urefu wa sketi zao. Kisha zikaja suruali za bugaluu na pekosi, viatu vya raizoni na nywele za afro, na vita ikaendelea. Malawi ya Kamuzu Banda ilitunga sheria mwaka 1973, na mgeni mwanamume mwenye nywele ndefu alinyolewa kabla ya kuruhusiwa kuingia. Nazielewa hofu za viongozi wa wakati ule. Nchi changa ilikuwa inajitafuta. Lakini walipambana na suruali. Zahanati ya Mtaa wa Clayton na wakunga wa Tennessee, mambo ambayo Waziri wa Afya wa nchi yoyote maskini angeweza kuyajadili kwa faida, hawakuyasikia, kwa sababu hata magazeti ya Ulaya na Marekani hayakuyaona kuwa habari.

Mahipi wenyewe walikuja pia, nao walifika Lamu, pwani ya Kenya. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 na hasa miaka ya 1970, vijana wa Ulaya na Marekani walishuka kutoka Nairobi hadi pwani, wakapanda basi la vumbi hadi Mokowe, wakavuka kwa mashua. Wakaupa mji jina la Kathmandu ya Afrika. Walipanga vyumba na dari kwa bei ndogo, wakala wali na samaki, wakakaa wiki, miezi, wengine zaidi. Walikuta mji wenye misikiti, madrasa na ustaarabu wa karne nyingi, mji usiozoea kuona mtu mzima akipita gengeni kifua wazi. Wapo wageni waliojifunza Kiswahili na kuheshimu majirani, na wapo waliodhani kwamba ukarimu wa Waswahili ni sehemu ya mandhari, kama bahari na minazi.

Habari za Lamu ya miaka ile ukizitafuta leo utazipata kwa wageni: kumbukumbu zao, picha zao, barua zao kwa mama zao. Wanasimulia machweo ya Shela na utulivu walioupata. Bibi aliyewapangisha dari anatajwa kwa mstari mmoja, kijana aliyewavusha hana jina. Sijui mahali ambapo ameandikwa mwanamke wa Mkomani aliyekuwa akikanda unga wa mahamri saa kumi alfajiri na mgeni wake amelala, nini alikionea huruma, nini kilimkera, alilipwa nini, na aliwaambia nini binti zake kuhusu watu wale.

Waliokuwa na miaka 20 mwaka 1972 wamevuka 70 sasa. Kama una bibi, shangazi au baba mkubwa Lamu, Malindi, Unguja au kwingineko pwani aliyewapokea mahipi, nenda kakae naye. Muulize walikula nini, walilipa au walikimbia, nani aliwauguza waliposhikwa na malaria. Rekodi sauti yake kwa simu, na ukimaliza uandike jina lake kamili.